Kwa madereva wa teksi na apu Mombasa: vile utamtambua abiria anayelanguliwa, na ufanye nini

Ndugu zangu madereva, na kina dada mnaoendesha pia manake siku hizi mko wengi barabarani, hii nimeiandika ndefu kidogo kwa sababu mafunzo ya ulanguzi wa binadamu mara nyingi hufanyiwa watu wa mahoteli na watu wa ofisi, sisi wa usukani tunasikia juu juu tu, na hali abiria mwenyewe kabla hajafika hapo hotelini amepita garini mwetu.

Nianze na sheria. Kenya iko na sheria ya kupambana na ulanguzi wa watu, ya mwaka 2010, ikaanza kutumika Oktoba 2012. Ukiisoma pale inapoeleza ulanguzi ni nini inataja kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumficha na kumpokea kwa lengo la kumnyonya. Hapo kwa kusafirisha ndipo tulipo sisi. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili, na ukirudia ni maisha. Sasa mtu asikimbie steji. Kubeba abiria ambaye hujui shida yake hakukufanyi mlanguzi, hakuna anayetarajia dereva ajue siri ya kila mtu anayeketi nyuma. Lakini ikiwa umebeba wasichana walewale ukawapeleka jumba lilelile kila wikendi, unalipwa mara mbili ya fea na unaambiwa usiulize, siku polisi wakija ukisema hukujua nani atakuamini?

Ile nia yangu hasa lakini si kutisha mtu na jela. Soja anaona geti, wa mapokezi anaona chumba, jirani anaona watu wakiingia na kutoka. Dereva peke yake ndiye anayeona alikotolewa mtu, anakopelekwa, na yaliyosemwa njiani. Hakuna mwengine mjini mwenye hiyo picha nzima, na ndio maana tukijua tunachoangalia tunaweza kumtoa mtu kwenye shida ambayo mamake mzazi hajui kama iko.

ULANGUZI WENYEWE NI UPI

Wengi tukisikia neno hili tunafikiria mtu amefungwa kamba kwa buti. Iko, lakini ni nadra. Anayelanguliwa anaweza kuingia garini kwa miguu yake, amevaa vizuri, na hata anacheka. Wala si lazima avuke mpaka. Kumtoa mtoto Ganze au Kinango ukamleta Nyali kwa ahadi ya kusomeshwa, alafu akafungiwa ndani afue na apike bila mshahara, huo ni ulanguzi kamili.

Kwa mtu mzima, walanguzi hutumia uongo, vitisho, nguvu, deni, au kumshika mahali pa unyonge wake. Na hata kama alikubali mwenyewe sheria haiangalii kukubali kwake, manake alikubali jambo aliloambiwa, siyo lile lililomkuta. Kwa mtoto ambaye hajafika miaka 18 hakuna haja hata ya kuthibitisha alidanganywa, ukishamtoa mahali ukampeleka pengine ili anyonywe basi yatosha. Hiyo ya mtoto ishike sana, kwa sababu huku pwani utaambiwa "si amekuja mwenyewe", "si mamake anajua", na yote hayo hayabadilishi kitu.

Anayefanya haya pia tusimchoree sura. Mara nyingi ni mwanamke, mara nyingi ni shangazi, jirani, mtu wa kijiji kimoja, au yule boifrendi aliyeonekana ana mapenzi. Kikulacho ki nguoni mwako. Na tusidhani wateja ni wazungu tu. Mwaka 2006 UNICEF na serikali walitoa utafiti juu ya utalii wa ngono na watoto huku pwani, wakakadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wamenaswa katika Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani, na katika wanaume waliokuwa wakiwatumia, kundi kubwa lilikuwa ni Wakenya wenyewe. Ni takwimu za zamani hizo, lakini zilitosha kutuonyesha kwamba ukikaa ukimwangalia mzungu peke yake, bosi mwenye gari kubwa kutoka mjini anakupita hivi hivi.

TAZAMA NANI ANA USEMI

Ukinishika kwa jambo moja tu katika haya yote nishike kwa hili. Usiangalie nguo, usiangalie saa ya usiku, usiangalie rangi. Angalia nani ana usemi juu ya huyu mtu. Nani ameshika kitambulisho au pasipoti yake? Nani ameshika simu? Ukimsalimia yeye, nani anajibu? Anajua anakokwenda? Akitaka kushuka hapo mbele anunue maji, anaweza kushuka tu au lazima atazame uso wa mtu kwanza?

Nasema hivi kwa sababu mafunzo mengine yanaleta orodha ndefu ya dalili, msichana amenyamaza, ameinamisha macho, amevaa hivi. Kwa Mombasa hiyo haitufai. Msichana wa buibui anayekaa nyuma kimya akimwachia kakake azungumze, hiyo ni heshima ya kwao, hakuna shida hapo. Msichana amevaa sketi fupi saa sita za usiku Mtwapa ni mtu mzima anakwenda zake na pesa zake, ukianza kumripoti utamletea matatizo na polisi bure. Mzungu na mtoto mweusi pengine ni baba wa kambo na wanatoka supamaketi. Ukiwa dereva wa kumshuku kila mtu, utaumiza watu wasio na hatia na utachoka kabla hujamwona anayekuhitaji kweli.

Kwa hivyo dalili moja ichukulie kama sababu ya kufungua macho tu. Zikija mbili tatu pamoja, na zote zinaonyesha huyu mtu hana usemi wake, hapo ndipo unaanza kuweka mambo kichwani.

MAHALI KWA MAHALI

Uwanja wa ndege wa Moi na steshen ya SGR Miritini. Hapa utawapata wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, wengine wanaondokea hapa hapa na wengine wanapelekwa Miritini wakapande treni waende wakaruke kutoka Nairobi. Kwenda Saudi au Qatar kikazi si kosa, ndugu zetu wengi wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa hizo kazi. Tofauti utaisikia kwa mazungumzo. Anayekwenda kihalali anajua jina la ejensi yake na hiyo ejensi imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile NEA, ameona mkataba wake na akausaini, anajua mshahara, amefanya mafunzo ya kabla ya safari. Yule mwengine anakwambia "kuna mtu atanipokea", jina halijui, viza ni ya kutembea, pasipoti ameshikiwa na "madam" aliyekaa kiti cha mbele, na ameambiwa akiulizwa na uhamiaji aseme anakwenda kumtembelea binamu. Hiyo ya kufundishwa majibu ni dalili nzito sana. Ukisikia mtu anakaririshwa majibu garini mwako, sikiliza vizuri.

Tangu 2022 kuna na hii ya Asia. Vijana waliosoma, wa kompyuta, Kiingereza kizuri, wanaambiwa kuna kazi ya huduma kwa wateja Thailand, mshahara mkubwa na tikiti wanalipiwa, wakifika wanavushwa hadi Myanmar wanafungiwa kwenye majumba wafanye utapeli wa mtandaoni, na asiyefikisha kiwango anapigwa. Serikali ilitoa onyo mwaka huo huo na Wakenya wengi wakalazimika kuokolewa. Kwa hivyo ukimbeba kijana wa kiume ana begi la mgongoni na furaha tele anakwambia anakwenda Bangkok kikazi kwa viza ya utalii, usimwone yuko salama kwa sababu ni mwanamume. Mwambie tu, kaka, umeangalia hiyo kampuni kwa NEA? Pengine ndio swali la kwanza mtu kumuuliza.

Treni ya usiku inayofika alfajiri pia itazame. Watoto wa kike wanaotoka bara peke yao, wana namba ya simu imeandikwa kwa karatasi, na anayepiga kuita teksi hayuko hapo, anakuelekeza kwa simu "mchukue msichana wa sweta nyekundu umlete Bamburi nitalipa mimi kwa M-Pesa". Kuna wazazi wanaagizia watoto wao teksi hivyo hivyo, nakubali, lakini mzazi hujua jina la mtoto na mtoto hujua anakwenda kwa nani. Uliza hayo mawili tu.

Mtwapa, Shanzu, Bamburi, Nyali, vile vyumba vya kukodi kwa siku. Hapa ndipo sisi wa apu na wa tuktuk tunaona mengi kuliko polisi. Jumba moja, tripu fupi fupi, wasichana walewale wadogo wadogo, wanaume tofauti kila mara, na kuna mtu mmoja anayepokea pesa na kupanga nani aende wapi. Dalili ambayo kwangu haina mjadala ni mtoto wa shule. Mtoto wa yunifomu saa za masomo anapelekwa koteji na mtu mzima ambaye hamwiti baba wala mjomba, au anabadilisha nguo humo humo garini. Hapo usisubiri dalili ya pili.

Na hapa kuna jambo letu wenyewe lazima tuambiane. Mtalii akipanda akakuuliza "unajua mahali naweza kupata wasichana wadogo", jibu ni hapana na tripu imeisha. Sheria ya makosa ya kingono ya 2006 inamgusa hata anayepanga safari au kumuunganisha mtu na mtoto kwa jina la utalii, kifungo kisichopungua miaka 10. Elfu mbili ya bakshishi haina maana yoyote hapo, na huyo anayetafutwa ni mtoto wa mtu wa Kisauni ama Likoni.

Katikati ya mji, watoto wa kuombaomba. Wenzetu wa tuktuk ndio mnajua hii. Asubuhi mapema mtu mmoja anashusha watoto, au watu wenye ulemavu, kila mmoja kona yake, jioni anawapitia na kukusanya pesa. Hawalali na wazazi wao, wengine Kiswahili chao unasikia kabisa ni cha upande wa Tanzania, au hawazungumzi kabisa. Anayewabeba huwa ana dereva wake wa kila siku. Ukiombwa uwe wewe huyo dereva, kataa alafu uripoti.

Barabara ya Lunga Lunga. Kutoka Likoni hadi mpaka wa Tanzania ni karibu kilomita 100, na tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe gari inaweza kutoka Miritini ikashika Kwale bila kukanyaga feri. Ukipigiwa usiku ubebe vijana watano sita kutoka Mariakani, hawajui Kiswahili, hawana mizigo, unaambiwa upite njia za ndani, fea ni mara tatu, hao pengine ni wahamiaji wanaovushwa kwenda kusini. Kisheria kuvushwa si sawasawa na kulanguliwa, lakini njiani mambo hugeuka, wanashikwa mateka hadi kwao watume pesa. Hiyo tripu usiichukue. Gari itashikwa, wewe utalala ndani, na waliopanga hutawaona tena.

VILE YA KUZUNGUMZA

Dereva wa Mombasa kuongea na abiria hakumshtui mtu, tumshukuru Mungu kwa hilo. Tumia ukarimu wetu wa kawaida. "Karibuni, mwatoka wapi?" "Mgeni wa hapa ama mwenyeji?" "Nyumbani kwenu ni wapi, mvua imenyesha?" Muulize yule unayemwonea wasiwasi, umtazame kwa kioo sekunde moja tu, uone nani anajibu. Akijibiwa na mwengine, usirudie rudie, geuza mazungumzo uende kwa foleni ya feri au bei ya petroli. Ushapata ulichotaka.

Usiwahi kumuuliza "unalazimishwa?" mbele ya mwenye kumsimamia. Utakapowashusha ukaenda zako, yeye ndiye atakayelipia hilo swali huko ndani.

Akiwa peke yake ni tofauti. Sema taratibu, "Dada, uko sawa? Kuna mtu ungependa nimpigie?" Kama ni mdogo, "Mwanangu, mamako anajua uko wapi?" Akisema yuko sawa muache, usimlazimishe, pengine anaogopa au pengine yuko sawa kweli. Mwambie tu kuna namba 116 ya watoto na 1195 ya dhulma za kijinsia, zote za bure, mchana na usiku. Bora zaidi bandika hizo namba nyuma ya kiti cha mbele kwa karatasi kubwa ya kusomeka, kila abiria aone, hata yule ambaye hawezi kufungua mdomo atazikariri. Hakuna mlanguzi atakayekuuliza kwa nini umebandika, manake ni tangazo kama tangazo jengine.

Na akikwambia ndiyo, nisaidie? Funga madirisha kama kawaida, endesha kama kawaida, nenda mahali pana watu na taa. Kituo cha polisi chenye dawati la jinsia, au hospitali ya Coast General ambako kuna kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kijinsia. Piga 116 ukiwa njiani, waambie unaye na unaelekea wapi. Mpigie pia mtu wa pili unayemwamini, ikiwezekana mwanamke, akukute huko. Nyumbani kwako USIMPELEKE, hata kama roho inakuuma na mkeo ni mtu mzuri. Ni hatari kwake, ni hatari kwa watoto wako, na kesho mlanguzi atasema wewe ndiye uliyemteka.

Akiwa hana karatasi za kukaa nchini anaweza kuogopa polisi kuliko anavyomuogopa aliyemshika, walanguzi huwaambia hivyo kusudi. Mweleze kwamba sheria ya 2010 inasema aliyelanguliwa hashtakiwi kwa kuwa nchini kinyume cha sheria kwa sababu ya kulanguliwa kwake.

KURIPOTI, NA USIJITIE USHUJAA

Desemba 2016 kule Elk Grove, California, dereva mmoja wa Uber alibeba wanawake wawili na msichana wa miaka 16. Akawasikia wale wanawake wakipanga na huyo mtoto vile atachukua pesa kwa mwanamume hotelini. Hakusimamisha gari, hakugombana, aliwafikisha, akawashusha, akasogea kando, ndipo akapiga polisi. Wakaja wakawakamata, msichana akatolewa. Naileta kwa sababu ya ule mpangilio wake. Fikisha, shusha, ondoka, piga. Ukigombana nao garini wana nafasi ya kushuka na kupotea naye, na huenda wakakuumiza.

Namba ni hizi. Mtoto, 116. Mtu mzima au dhulma za kijinsia, 1195. Hatari iko saa hii hii, kuna kupigwa au silaha, 999 au 112. Taarifa ambayo si ya dharura, ile ya jumba na watu wanaorudi rudi, DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wana laini ya bure 0800 722 203 na jina lako halihitajiki. DCI pia wana kitengo maalum cha ulanguzi wa binadamu na ulinzi wa watoto ambacho kiko na ofisi hapa Mombasa, na shirika la Trace Kenya la hapa hapa Mombasa linafanya kazi hii hii. Ukiona uzito kwenda kituoni peke yako, na najua kwa nini mtu huona uzito, pitia kwao au kwa afisa wa watoto wa sabkaunti yenu. Ukienda kituoni hakikisha umeandikiwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na umeondoka na namba yake, na uende na mwenyekiti wa steji.

Kinachosaidia wapelelezi ni vitu vidogo. Ukishashusha tu, kabla ya tripu nyengine, rekodi vois kwa simu yako mwenyewe ukiwa bado unakumbuka. Saa, mahali ulipowachukua, geti uliloshushia, walikuwa wangapi, urefu, alama, lafudhi, jina lolote uliloskia wakiitana, namba ya gari iliyokuja kuwapokea, namba ya simu iliyokuita au iliyotuma pesa. Hata maneno yenyewe, yaandike vile yalivyosemwa bila kuyapamba. Tripu ikiwa ya apu basi rekodi yote iko, na ndio maana watu hawa wanapenda kukwambia "kansel twende nje ya apu nitakulipa zaidi". Ukiwa na wasiwasi na abiria usitoke nje ya apu. Uber na Bolt zina kitufe cha dharura humo ndani, kitafute leo ukiwa umepaki, siyo siku unayokihitaji.

Ukipiga sema hivi, kwa mfano: "Mimi ni dereva, sitaki nitajwe jina. Leo saa mbili na nusu usiku nimeshusha Bamburi, jumba la ghorofa nne geti jeusi, msichana ninayemkadiria miaka 14 na mwanamke wa kama 40. Mwanamke ameshika simu ya mtoto, amemwambia mara mbili akiulizwa aseme ana miaka 19. Mtoto alikuwa analia." Basi. Umesema ulichoona na ulichosikia. Usiseme "huyo mama ni mlanguzi", hiyo kazi waachie wao. Na ukiwa umekosea, kumbe ni shangazi mkali tu, hujamharibia mtu jina kwa sababu hukumshtaki, umeeleza tu.

Picha. Hapa nawaomba sana. Usimpige picha mtoto ukairusha kwa grupu la wasap la steji wala Facebook ati "tusaidiane kumtambua". Umemwonyesha mlanguzi kwamba ameonekana, atahamishwa usiku huo huo, na huyo mtoto ile picha itamfuata hadi awe mtu mzima. Taarifa iende kwa namba hizo tu. Usiwafuate kwa gari pia, wala msikusanyane steji nzima mkavamie nyumba. Wameshawahi watu kupigwa na umati kwa kushukiwa wameiba watoto kumbe ni wazazi.

Pengine utapiga na hutasikia lolote tena. Hilo linaumiza, lakini kesi hizi huchukua muda na hawawezi kukwambia kila hatua. Ukiona tena jambo lilelile piga tena, utoe na ile OB au tarehe uliyopiga mwanzo. Taarifa tatu za madereva tofauti juu ya geti moja zina uzito ambao moja haina. Na kama umeitwa kuwa shahidi na unaogopa, kuna Shirika la Ulinzi wa Mashahidi la serikali, mwambie anayeshika kesi akuunganishe nalo.

KUFUNZA STEJI YENU

Huhitaji ukumbi wala projekta. Chagueni wakati tripu ni chache, kwa wengi wetu ni baada ya alasiri siku ya katikati ya wiki, mkae kivulini saa moja na nusu. Mualike afisa wa watoto, wako sabkaunti zote sita, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, mwandikieni barua na mwenyekiti asaini. Waiteni pia wa boda, wa tuktuk, masoja wa majumba ya karibu, na kina mama wanaouza chakula hapo steji manake wao wanaona nyuso zilezile kila siku.

Nusu saa ya sheria na dalili yatosha, wakati uliobaki ufanyeni mazoezi. Wekeni viti viwili mbele viwili nyuma, mmoja awe dereva, mmoja msichana, mmoja "shangazi". Dereva ajaribu kuuliza bila kushtua. Alafu apige simu ya kuripoti kwa sauti, wenzake wamsahihishe. Utashangaa vile ni vigumu mara ya kwanza, mtu anasahau rangi ya geti, anasahau saa, anaanza kuhukumu badala ya kueleza. Mara ya tatu ulimi unalegea. Mpe na mmoja awe abiria wa kawaida kabisa, mke na mume wamegombana tu, ili watu wajifunze pia kumwacha asiye na shida.

Usimlete mtu aliyepitia haya asimame asimulie mbele ya wanaume arobaini ili watu waguswe. Kama mwenyewe amejitolea na ana shirika linalomsimamia ni sawa, lakini kumuomba wewe ni kumrudisha kule kule.

Rudieni kabla ya Agosti na kabla ya Desemba, msimu wa wageni ukikaribia, na kila dereva mpya anayejiunga na steji apewe zile namba za kuripoti siku anayolipa kiingilio, pamoja na karatasi ya kubandika nyuma ya kiti. Mkitaka siku ya kuanzia, Julai 30 ndiyo siku ya kimataifa ya kupinga ulanguzi wa binadamu, siku hiyo mashirika na maofisa huwa tayari kutoka ofisini, kwa hivyo barua yenu ipelekeni mapema mwezi wa sita mpate mtu.